Kitabu cha Theluji Kilivyosomwa Kwapa

Kitabu kilicholowa hakianikwi juani. Naanza na hilo kwa sababu juzi nilipita kwenye maktaba yenu pale Busia nikaona vitabu vimelazwa juu ya bati kama dagaa, na moyo ukaniuma. Jua linakunja jalada na kuzifanya karatasi zivunjike. Tia vipande vya gazeti katikati ya kurasa, kilaze kitabu kivulini, kiwekee jiwe juu, na kesho yake ubadilishe gazeti. Siku ya nne utampa mtu akisome. Hayo nilifundishwa na Mzee Othieno, naye hakuwa mtu wa kurudia somo.

Mmeniomba, wajukuu zangu, niwaeleze kazi ilivyokuwa kabla ya Uhuru, nilipokuwa nikizungusha vitabu kwa baiskeli. Sina hotuba. Nina mambo yaliyonipata, na moja kati ya hayo sijawahi kulisimulia mbele ya watu, maana kosa lilikuwa langu.

Mimi ni Wandera, Msamia wa Busia, lakini barabarani nilijulikana kwa jina la Bwana Sanduku. Nyuma ya baiskeli nilifunga sanduku la mbao lenye vitabu kama arobaini, nikalikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu mbovu. Kamba ya katani usiitumie, inalegea ikipata mvua. Vitabu vizito nilivipanga upande wa tandiko, vyepesi upande wa nyuma, la sivyo ukipanda kilima gurudumu la mbele linanyanyuka na unabaki umeshika usukani kama mtu anayemzuia fahali. Nilikuwa natoka kwenye chumba cha kusomea cha Tororo, nazunguka Nabuyoga, Sop Sop, Kwapa na soko la Busia. Kila mahali nilirudi baada ya wiki mbili, nikakusanya vilivyosomwa na kuazimisha vingine.

Mzee Othieno ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba kile. Alikuwa Mjopadhola mrefu, mkimya, shati jeupe kila siku, na kabla ya kuja kwenye vitabu alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka mingi. Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Msomaji akirudisha kitabu utamwambia nini?"

"Nitamuuliza kama amekipenda, mzee."

"Atakwambia ndiyo. Wewe ni kijana mwenye heshima, kwa nini akuudhi? Muulize hivi: humo ndani umegombana na nani? Halafu nyamaza uandike."

Akanipa daftari la jalada gumu. Tuliliita Daftari la Maoni. Kila jibu niliandika kama lilivyosemwa, kwa Kiswahili cha msemaji mwenyewe, bila kunyoosha. Wajukuu zangu, mkishika jambo moja tu katika maneno yangu, shikeni hilo. Nimefanya kazi hii mpaka nikastaafu, na sijaona wasomaji wakali na wakarimu kama wale wakulima na wauza samaki.

Kulikuwa na Bwana Emuron, mtu wa ishara kwenye reli pale Tororo. Yeye alisoma hadithi za wapelelezi tu, zile ndogo zenye jalada la kutisha. Siku moja alinirudishia kimoja amekasirika kweli kweli.

"Umegombana na nani?" nikamuuliza.

"Na huyu aliyeandika! Anasema muuaji aliteremka treni moja, akaua mtu, akaoga, akapanda treni nyingine kwa dakika tano. Dakika tano! Injini yenyewe inahitaji kunywa maji. Mwambie aje hapa kituoni nimuonyeshe kazi."

"Basi nisikupe kingine cha huyu?"

"Nipe. Nataka nione kama amejifunza."

Na Nabwire, muuza samaki wa soko la Busia, alikuwa na hoja yake dhidi ya vitabu vya mapenzi. Alisoma vyote nilivyokuwa navyo, kisha akaniambia, "Bwana Sanduku, hawa watu wanapendana kurasa mia mbili na hakuna hata siku moja wamekula. Wanatembea bustanini, wanalia, wanaandikiana barua. Nani anapika? Mimi siamini mapenzi ya watu wenye njaa." Tangu hapo, kila nilipomletea kipya, alikifungua katikati kwanza kutafuta chakula. Alipopata kimoja ambamo mchumba alimkaangia mwenzake mayai, alikaa nacho miezi miwili. Nilimwacha.

Katekista mmoja, sitamtaja kwa sababu wajukuu zake mnacheza nao mpira, aliazima vitabu hivyo hivyo vya mapenzi na kusema ni vya mke wake. Mke wake nilimkuta kisimani, nikamuuliza kwa heshima kama amekifurahia kile cha mwisho. Akacheka mpaka akatua mtungi. "Mimi sijui Kiingereza," akasema. "Lakini endelea kumpa. Siku hizi ananisalimia vizuri."

Msifikiri walitaka vya kuchekesha tu. Vitabu vilitoka pande zote za dunia, vingi vikiwa vimefasiriwa Kiingereza, na watu walivipokea kama wageni wa heshima. Mzee Owor wa Nabuyoga, mkulima wa mtama na karanga, nilimpa riwaya ya kijiji kimoja cha Bara Hindi. Alimaliza akaja kunipokea barabarani kabla sijafika.

"Kumbe kuna Wahindi wanalima!" akasema. Yeye aliwajua Wahindi wa dukani peke yao. "Mvua inamchelewea kama mimi. Fahali yake inakufa, anakaa chini, hasemi kitu. Mimi pia nilikaa chini hivyo hivyo. Mtu huyu ananijua, na hajanifikia hapa."

Niliandika maneno yale nikamsomea Mzee Othieno. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Sasa nifike Kwapa.

Kwapa nilikuwa nafika kwa Mama Apolot, mwanamke wa Kiteso wa makamo, mwenye nyumba yenye baraza pana. Msimu wa pamba, majirani zake walikusanyika pale alasiri kuchambua: ile nyeupe wanaiweka upande mmoja, hiyo ni safi, yenye madoa upande mwingine, hiyo ni fifi. Mama Apolot hakujua kusoma. Mara ya kwanza nilipopita alinisimamisha, akagonga sanduku kwa vidole.

"Hii vitabu inaongea nini?"

"Mambo mengi, mama."

"Sisi mikono iko na kazi, lakini masikio inakaa bure. Kaa hapo. Soma."

Nikakaa. Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, na Mama Apolot aliwageuzia Kiteso wale wazee wasiosikia Kiswahili vizuri. Ndivyo ilivyokuwa kila nilipokuja. Hawakuwa watu wa kusikiliza kimya. Mhusika akifanya upumbavu walimfokea. Akifika mtu mbaya mlangoni, walimwambia mwenye nyumba asifungue. Mama Apolot peke yake alingoja mpaka mwisho wa sura, kisha akatoa neno moja au mawili, na mara nyingi hayo ndiyo niliyoyapeleka kwenye daftari.

Msimu mmoja nilichukua kitabu ambacho sote tulikiita Kitabu cha Theluji. Kilitoka nchi ya baridi kali, na kilimhusu mjane wa mvushaji wa mtoni aliyekuwa na binti mmoja mdogo. Kwanza ilinilazimu niwaeleze theluji. Nilijaribu mvua ya mawe, wakakataa. Mama Apolot akachota pamba safi kwa mikono miwili, akaiachia ianguke taratibu mbele yetu. "Hivi?" akauliza. Nikasema ndiyo, hivyo hasa, ila ni baridi na inafunika nchi nzima. Wote wakaiangalia ile pamba kama hawajawahi kuiona.

Kitabu kiliwashika. Nilikisoma kwao miezi mitatu. Yule binti akaugua homa. Mama yake akamwacha kwa jirani akatembea kwenye theluji siku mbili kutafuta dawa. Akaipata. Wakati wa kurudi akachoka, akaingia kwenye kibanda cha wachoma makaa aote moto kidogo, na usingizi ukamchukua mpaka asubuhi.

Pale ndipo nilipoishia siku ile, na wakati nafunga sanduku, jirani mmoja, Asekenye, akanisindikiza hadi barabarani. Akaangalia nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana Sanduku, huyo mtoto atapona?"

"Sijui, mama, sijafika."

"Angalia vizuri. Apolot alikuwa na msichana. Alimbeba mgongoni kupeleka dispensari. Njiani alichoka, akakaa chini ya ukuta wa ghala, akalala. Alipoamka mtoto ameshakufa. Watu walisema maneno. Sasa wewe angalia hiyo kitabu yako."

Nilisoma mwisho wa kile kitabu siku hiyo hiyo, nimeegemeza baiskeli kando ya njia. Mjane anafika nyumbani na chupa ya dawa ndani ya kanzu yake. Jirani amekaa mlangoni. Mtoto ameshafariki, alfajiri, wakati mama yake amelala kwenye kibanda.

Kwa wiki mbili nilibeba kurasa zile kama jiwe. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, sijaoa, sijazika mtu wangu wa karibu. Nilifikiri najua huruma ni nini. Nilipokaa tena kwenye lile baraza, nikafungua kitabu, nikaona nyuso zile zote zimeinuka, na Mama Apolot ameshika bonge la pamba bila kulichambua. Nikasoma mjane anafika. Nikasoma jirani mlangoni. Kisha macho yangu yakabaki kwenye karatasi, mdomo ukaenda njia yake. Nikasema jirani aliinuka akatabasamu. Nikasema mtoto alifumbua macho akaomba maji. Nikasema alikunywa dawa akapona, na theluji ikayeyuka, na mto uliokuwa umeganda ukaanza kwenda.

Wanawake walipiga vigelegele. Asekenye alinitazama kwa shukrani. Mama Apolot hakupiga kigelegele. Aliinamia pamba yake akaanza kuchambua upesi upesi, na nilipomuuliza amegombana na nani, akasema, "Leo na hakuna mtu." Nikadhani ni furaha. Nilipanda baiskeli nikarudi Tororo nikipiga mluzi.

Kwenye daftari niliandika kwamba Kwapa wamekifurahia sana.

Kilichonifichua ni Bwana Emuron wa reli. Wapelelezi walikuwa wamemwishia, akaazima Kitabu cha Theluji chumbani Tororo, akakisoma chote. Alikuwa Mteso, na dada yake aliolewa Kwapa. Jumapili moja akaenda kumtembelea, akakuta wanawake wanazungumzia yule mtoto aliyepona. Emuron, mtu wa dakika na saa, hakuweza kunyamaza. "Mtoto gani amepona? Mtoto amekufa, ukurasa wa mwisho." Wakabishana naye mpaka akaapa.

Siku iliyofuata, Jumatatu asubuhi, nilikuwa nabandika migongo ya vitabu kwa gundi ya uji wa muhogo. Mlango ukafunguka, Mama Apolot akaingia. Alikuwa ametembea kutoka Kwapa. Vumbi lilimfika magotini. Chumbani walikuwamo wasomaji wanne au watano, makarani na mwalimu mmoja, na Mzee Othieno kwenye meza yake. Hakumsalimia mtu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Lete kitabu ya theluji," akaniambia.

Nikakileta. Mikono ilinata gundi.

"Soma ile mwisho. Soma vile imeandikwa."

"Mama Apolot, mimi nilitaka tu..."

"Mimi nakuuliza ulitaka nini? Soma."

Nikamtazama Mzee Othieno aniokoe. Alikuwa ameweka kalamu chini. "Soma, Wandera," akasema.

Nikasoma. Nilisoma polepole, kila neno mahali pake: kibanda, usingizi, asubuhi, chupa ndani ya kanzu, jirani mlangoni, kitanda. Wale makarani walikuwa wameacha kufungua kurasa zao. Nilipomaliza, yeye alikuwa bado amesimama.

"Rudi pale analala," akasema.

Nikarudi. Mwandishi alikuwa ameandika pale kwamba miguu ya mjane ilikuwa imetembea mpaka ikasahau ni ya nani, na kwamba usingizi ulimchukua jinsi mtu anavyomchukua mtoto kutoka kwenye mikono ya aliyechoka.

"Tena," akasema. Nikasoma tena.

"Aliyeandika ni mwanamke?"

"Hapana, mama. Mwanaume. Alishakufa zamani."

"Nani alimwambia?"



Akavuta kiti akaketi, na sasa akasema kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alisikia. "Alilala kwa sababu alichoka. Kitabu inasema alichoka. Haisemi ni mtu mbaya. Mimi miaka yote natafuta mtu mwingine mmoja aliyelala. Nilikuwa nimempata. Kila siku ukija nilikuwa nasema moyoni, huyu mwenzangu, tuone yeye atafanya nini. Halafu wewe unamponya mtoto wake. Nikabaki peke yangu tena. Huyo akalala, mtoto akapona. Mimi nikalala, mtoto akafa. Sasa mbaya ni nani?"

Nililia, wajukuu zangu. Sioni haya kusema. Nilikuwa nimesimama na mikono ya gundi, nashindwa hata kujifuta.

"Nisamehe, mama."

"Nitaona," akasema. "Wewe uje Kwapa uwaambie wale wengine. Kwa mdomo wako."

Alipoondoka, nilijua kazi yangu imekwisha. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mzee Othieno akaniuliza naenda wapi.

"Umenikuta nimedanganya, mzee."

"Nimekukuta. Keti." Akanisogezea kiti. "Mahakamani shahidi alikuwa akisema neno la kumuumiza mama wa mshtakiwa, na mama yuko pale anasikiliza. Mimi ndiye nilikuwa mdomo wa shahidi. Mara moja nililainisha. Mara moja tu. Nilifikiri namsaidia yule mama, kumbe nilimwambia kwamba hawezi kubeba ukweli wake mwenyewe. Aliniona mjini baadaye, akageuka upande wa pili. Wewe wako amekuja mpaka hapa kukugombeza. Una bahati. Sasa fungua daftari, futa ulichoandika juu ya Kwapa, uandike alichosema."

Niliandika kurasa mbili. Sijawahi kusoma maoni juu ya kitabu, hata ya maprofesa, yaliyozidi yale.

Safari ya Kwapa iliyofuata ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda, ingawa njia ilikuwa ile ile. Walikuwa wamekaa barazani kama kawaida, marundo mawili ya pamba katikati. Sikufungua sanduku. Nilisimama nikasema, "Mama zangu, mara ile niliwadanganya. Mtoto hakupona. Sikutaka kuwaumiza, lakini kitabu si changu, wala masikio si yangu."

Bibi mmoja akasema kwa Kiteso neno ambalo Mama Apolot alikataa kunigeuzia. Asekenye alijifunika uso, maana yeye alijua chanzo. Mama Apolot akamwambia, "Wewe usijifiche. Mlinihurumia wawili, mimi sikuwatuma." Kisha kwangu: "Sasa soma."

Nikawasomea mwisho wa kweli. Hakuna aliyemfokea mjane. Hakuna aliyemfokea jirani. Nilipofunga kitabu, pamba ilikuwa haijaguswa, na yule bibi aliyenitukana alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Nikashika daftari nikawauliza kama Mzee Othieno alivyonifundisha, lakini hakuna aliyesema amegombana na mtu.

Mama Apolot ndiye aliyeanza. Hakuniangalia mimi. Alisema kwa Kiteso, na baada ya sentensi mbili akageuza Kiswahili ili nami nisikie.

"Wangu alikuwa anaitwa Among. Alikuwa na miaka minne. Alipenda kubebwa hata kama anaweza kutembea. Siku ile jua lilikuwa kali sana, nikakaa chini ya ukuta wa ghala ya pamba. Nikasema nipumzike kidogo tu."

Akaendelea, naye Asekenye akasogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. Wengine walisogeza marundo ya pamba pembeni ili wamwone vizuri. Nilifunga daftari nikaliweka ndani ya sanduku, kwa sababu hayo hayakuwa maoni, nikakaa sakafuni pamoja nao nikasikiliza mpaka akamaliza.